Kamba Hukatikia Pembamba, Lakini Pembamba Ipi? Vituko Vinane vya DNA, Tukihesabu Kurudi Nyuma kutoka Goma

Shika kamba ya katani, ile inayofunga magunia ya makaa juu ya chukudu zinazoteremka kutoka Kibumba. Mpe mwenzako ncha ya pili, kisha isokoteni kinyume cha ilivyosokotwa. Mwanzo nyuzi zinalegea. Mkiendelea, kamba nzima inajikunja na kujizongazonga. Mkizidi hapo, kuna mahali nyuzi zitafunguka kabisa, na mwenzako atasema kosa ni lako. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, wakaenda kulala. Wanafizikia wa takwimu hawakulala. Wana maswali matatu: pembamba ipi, kwa uwezekano gani, na hizo pembamba nyingine zitafanya nini ya kwanza ikishaachia?

Kamba yao ni DNA, na mfano wetu uko karibu. Vibrio cholerae, mdudu wa kipindupindu, ni mpangaji sugu wa Goma asiyelipa kodi. Maandishi yake ya urithi, yaliyosomwa yote na kuchapishwa mwaka 2000, ni herufi milioni 4 katika kromosomu mbili za duara. Zikinyooshwa zinafika milimita 1.4 hivi, ilhali mdudu mwenyewe ana urefu wa mikromita 2 hivi. Mzigo ni mara 700 ya nyumba! Msokoto ni sehemu kubwa ya siri ya kuupanga. DNA iliyotulia huzunguka mara moja kila herufi 10.5. Bakteria huipunguzia mizunguko, kama 6 katika kila 100 ikipimwa nje ya seli, na kwa kuwa duara halina ncha, upungufu huo hauna pa kutorokea. Unabaki ndani kama deni. Jerome Vinograd na wenzake waliliona jambo hili mwaka 1965, huko California, katika DNA ya duara ya kirusi kidogo.

Sasa bei. Ludwig Boltzmann wa Vienna, aliyefariki mwaka 1906, alituachia kanuni isiyo na upendeleo: kila umbo linaruhusiwa, ila umbo ghali huonekana kwa nadra. Katika joto la mwili, kila kilokalori 1.4 kwa moli inayoongezeka kwenye bei hupunguza uwezekano mara kumi. Kuanzisha tu ufa ndani ya DNA hugharimu kilokalori 10 hivi. Kwa bei hiyo, ukitegemea joto peke yake, hupati hata mara moja katika milioni kumi. Lakini chukua duara la herufi 5,000 lililopungukiwa mizunguko 29: tayari limeweka akiba ya kilokalori 110 hivi. Ukifungua herufi 10, unafuta mzunguko mmoja na kuokoa kilokalori 7 au 8. Hasara, rudi nyumbani. Ukifungua herufi 30 kwa mkupuo, zote za A na T, zile zisizoshikana sana, unaokoa zaidi ya 20, na gharama yake, kwenye maji yenye chumvi kidogo, haifiki 18. Hapo ni biashara. Ndiyo maana DNA iliyosokotwa haifunguki herufi moja moja kwa aibu. Hufunguka kwa kundi, au haifunguki kabisa.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: kituko kina uzito gani kwa mtu anayechota maji ya Ziwa Kivu pale Kituku, Goma, kwa bidoni ya njano. Anayetaka kuipanga kwa uzuri wa hisabati aandike yake.

8. DNA inayogeuka mkono wa kushoto

Mwaka 1979, kundi la Alexander Rich huko Marekani lilipiga picha ya fuwele ya DNA likakuta inazunguka upande usiofaa. Ilipewa jina la Z kwa sababu uti wake unakwenda zigizaga, kama dereva wa pikipiki anayekwepa mashimo ya mtaa wa Birere. Mzunguko wake mmoja unachukua herufi 12. Uzuri wake ni wa kihasibu: herufi 12 zikihama kutoka kulia kwenda kushoto hufuta mizunguko miwili na kitu, wakati kufungua urefu huohuo hufuta mmoja na kidogo. Msongo uleule, ahueni karibu maradufu. Kasoro ni kwamba inapenda sehemu ambazo C na G zinapokezana, na kila mpaka kati ya kulia na kushoto unatozwa ushuru. Sisi wa mpakani na Gisenyi hatuhitaji maelezo zaidi.

7. Nyuzi tatu, ya nne nje

Miaka ya 1980, Warusi akiwemo Maxim Frank-Kamenetskii walionyesha kwamba msokoto unaweza kuulazimisha uzi mmoja kurudi nyuma na kujilaza juu ya jozi ya jirani. Watatu wameshikana, wa nne amebaki barazani. Hutokea kwenye mfululizo mrefu wa A na G, na hupenda asidi. Kwa mchota maji wa Kituku, hiki hakina neno. Twende.

6. Kile ambacho hakihitaji msokoto

Huu ni udanganyifu kidogo, nakiri mapema, maana hapa DNA haisokotwi: inachemshwa. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imeua watu 2,287, mashine za GeneXpert za kupimia kirusi zilifanya kazi usiku na mchana. Mgonjwa wa kwanza ndani ya jiji la Goma alithibitishwa Julai 2019. Kirusi cha Ebola kina RNA, hivyo kwanza kinanakiliwa kuwa DNA, kisha joto linapanda kukaribia nyuzijoto 95, nyuzi mbili zinaachana, zinapoa, zinanakiliwa, na mchezo unaanza upya.

Watafiti Poland na Scheraga waliiandikia hali hii hesabu mwaka 1966: mapovu ya nyuzi zilizofunguka yanakua na kuungana mpaka hakuna kilichobaki kimefungwa. Angalia tofauti. Joto ni la wote, halijui A wala G likishafika juu. Msokoto ni wa kuchagua. Tena duara lililofungwa likichemshwa ni gumu kuliko uzi wenye ncha, maana nyuzi zake zikigombana kiasi gani, bado zimepitana kama pete za mnyororo na hakuna anayeondoka. Ndoa za zamani.

Na kuna viumbe wadogo wa chemchemi za moto waliogeuza ujanja huu. Mwaka 1984 Wajapani walikuta kwa Sulfolobus kimeng'enya kinachokaza DNA badala ya kuilegeza. Ukiishi kwenye maji yanayokaribia kuchemka, unaelewa mwenyewe kwa nini.

5. Msomaji asiyegeuka

Kimeng'enya kinachosoma jeni kingepaswa kuizunguka DNA kikienda. Lakini kimebeba mkia wa RNA na kundi la wasaidizi, hakizunguki. Basi inazunguka DNA. Watafiti Liu na Wang walieleza matokeo yake mwaka 1987: mbele ya msomaji DNA inakazwa, nyuma yake inalegezwa. Kila jeni linalosomwa kwa kasi linaacha nyuma yake eneo lililo tayari kufunguka.

Tunaye jirani anayehusika. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Baadaye ilijulikana kwamba kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni la MYC kimekatika na kubandikwa pengine, mara nyingi kwenye ya 14, mahali pa jeni za kingamwili. Jeni hilo la MYC lina mlinzi wa ajabu: kipande chenye A na T nyingi, zaidi ya herufi elfu moja kabla yake, ambacho hufunguka MYC inaposomwa kwa nguvu, kwa sababu msokoto umefika hadi huko. Protini moja ikidaka uzi ulio wazi huongeza mwendo, nyingine inakanyaga breki. Ni kipima mwendo kilichotengenezwa kwa msongo mtupu.

Sasa usiende kutangaza kwamba msokoto unaleta saratani. Malaria na kirusi cha Epstein-Barr vimo ndani ya kesi hiyo kwa ushahidi wa miaka mingi. Lakini kimeng'enya AID, ambacho chembe za kingamwili hutumia kubadili jeni zao na ambacho ni mshukiwa mkuu wa kukatika huko, huuma uzi uliofunguka tu. Na nani huwa anaufungua? Msomaji asiyegeuka.

4. Mpox na fundi wake wa safarini

Septemba 2023 tawi jipya la kirusi cha mpox lilijitokeza Kamituga, Kivu Kusini, kwenye machimbo ya dhahabu. Likapewa jina la Ib. Mwaka 2024 lilikuwa limefika Goma na kambi za wakimbizi wa ndani, ambako familia nzima ililala chini ya hema moja na kukaa mbali na mgonjwa kulikuwa nadharia ya watu wenye vyumba. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa.

DNA yake ina herufi karibu 197,000, na si duara. Utasema: basi msokoto utatokea kwenye ncha. Hapana! Ncha zake zimekunjwa na kuunganishwa, uzi mmoja unageuka na kuwa mwenzake, kwa hiyo hakuna mlango. Tena kirusi hiki huzaliana kwenye ute wa seli, nje ya kiini ambamo seli huweka mafundi wake wa misokoto. Jamii ya virusi vya ndui imelitatua tatizo hilo kwa kusafiri na fundi: topoisomerasi yao wenyewe. Ya kirusi cha vaccinia, binamu wa mpox aliyezaa chanjo ya ndui, ina amino asidi 314 tu, mojawapo ya ndogo kabisa za aina yake.

Kazi yake ndiyo inayonifurahisha. Inatafuta maneno CCCTT au TCCTT, inakata uzi mmoja tu, inaushikilia, na kuiacha DNA ijizungushe hadi uzi uungwe tena. Haitumii nishati ya seli hata kidogo, msongo wenyewe ndio mafuta. Na izunguke mara ngapi kabla ya kufungwa? Hakuna idadi maalumu. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi, Ufaransa na Marekani waliifunga molekuli moja moja kwenye sumaku wakahesabu: safari hii michache, safari ijayo mingi, kwa mgawanyo ambao mizunguko michache ni ya kawaida na mingi ni nadra. Msongo ukiwa mkubwa, wastani unapanda. Bahati nasibu, lakini yenye kanuni. Boltzmann angeagiza soda.

3. Mashindano ya pembamba

Hapa ndipo methali inapopata mpinzani. Craig Benham, mwanahisabati wa Marekani, alianza mwaka 1979 kuandika hesabu ya nani hufunguka ndani ya duara lililosokotwa. Hoja yake: sehemu zote dhaifu zinakula chungu kimoja. Ya kwanza ikifunguka, msongo unapungua kwa duara zima, na nyingine, hata ikiwa mbali herufi elfu kadhaa, inanyimwa sababu ya kufunguka. Hazigusani, hazijuani, lakini moja inaifunga nyingine mdomo. Ukiiondoa ile yenye nguvu, ile ya mbali iliyokuwa imekaa kimya kama mtoto mbele ya wageni inafunguka. Kwa hiyo kuuliza kama mahali fulani ni dhaifu hakutoshi. Uliza ni nani mwingine yumo ndani ya duara.

Na jibu halitoki kama ndiyo au hapana. Duara la herufi 5,000, kila moja ikiwa wazi au imefungwa, lina maumbo 2 kuzidishwa kwa 2 mara elfu tano, namba ambayo hakuna karani wa sensa atakayeimaliza. Ujanja wa Benham ni kutafuta umbo la bei ya chini kabisa, kuhesabu yale yasiyolizidi sana kwa bei, na kuyatupa yaliyo ghali mno, maana Boltzmann ameshayahukumu. Kinachobaki ni uwezekano wa kila herufi kuwa wazi. Molekuli moja huwezi kuitabiria. Kundi lake unaweza, kwa usahihi wa kutisha.

Bakteria wanaitumia hesabu hii bila kwenda shule. Mahali pa kuanzia kunakili kromosomu pamejaa A na T kwa makusudi, na protini huja kupasukuma pale ambapo msokoto umeshapalegeza. Mdudu wa kipindupindu ana kromosomu mbili, kubwa na ndogo, na hakubali zianze pamoja: ndogo inasubiri mpaka wanakili wa kubwa wapite mahali maalumu, ndipo na yenyewe ifunguke, ili zote mbili zimalize kazi karibu wakati mmoja. Natamani mikutano ya Goma ingepangwa hivyo.

2. Msalaba ndani ya ghala

Sehemu ya DNA inayosomeka sawa ikienda na kurudi kwenye uzi wa pili inaweza kufanya kituko: kila uzi unajikunja peke yake, na pembeni mwa kamba unatokea msalaba. Ni ghali bila msokoto, na kwa msokoto wa kutosha ni nafuu.

Kwenye kromosomu ndogo ya kipindupindu kuna ghala la vipande karibu 180 vya jeni vilivyopangwa foleni, herufi kama 126,000. Didier Mazel wa Taasisi ya Pasteur, Paris, na wenzake walilielezea mwaka 1998. Vingi vimelala bila kusomwa. Katikati ya kipande na kipande kuna alama, na kimeng'enya kinachohamisha vipande hakiitambui alama hiyo ikiwa imenyooka. Kinaitambua ikiwa imejikunja uzi mmoja. Mwaka 2010 kundi hilohilo lilionyesha kwamba msokoto wa DNA ni mojawapo ya njia zinazoikunja. Ghala za aina hii, zile ndogo zinazosafiri, ndizo zinazopitisha usugu wa dawa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Na sumu yenyewe ya kipindupindu? Nayo iliingia kwa mkunjo. Jeni zake zililetwa na kirusi cha bakteria, kama watafiti Waldor na Mekalanos walivyogundua mwaka 1996. Kirusi hicho huingia na uzi mmoja tu, unajikunja, na mkunjo huo ndio unaoshonwa ndani ya kromosomu, palepale ambapo bakteria hutenganisha nakala zake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimeshonwa kwenye pindo.

1. Fundi anayekata akashikwa mkono

Nani anayeweka deni la mizunguko hapo mwanzo? Jirasi, kimeng'enya kilichogunduliwa na Martin Gellert na wenzake mwaka 1976. Kinakata nyuzi zote mbili, kinapitisha DNA nyingine katikati ya mkato, kinaunganisha, na kila zamu kinafuta mizunguko miwili kwa kuchoma ATP, mafuta ya seli. Kwa muda mfupi, kromosomu iko wazi kabisa, imeshikiliwa na protini hiyo peke yake. Ni kituko kikubwa kuliko vyote, na binadamu ametengeneza dawa ya kukivizia: siprofloksasini hujichomeka kwenye mkato na kumshika fundi mkono asiunganishe. Mkato unabaki, kromosomu inavunjika, bakteria anakufa.

Hapa mzaha unapumzika. Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu Kaskazini kutoka Rwanda. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki, kisima hakichimbiki, na wengi walikunywa maji ya ziwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuhara: kwanza kipindupindu, kisha kuhara damu kwa Shigella dysenteriae aina ya 1, bakteria ambaye wakati huo alikuwa ameshazoea dawa nyingi.

Anavyozoea ni jambo dogo mno. Jirasi ikibadilika amino asidi moja, ile ya 83, dawa inateleza. Mabadiliko ya mahali hapo yamekutwa kwa Shigella na kwa kipindupindu pia. Kuna na baya zaidi. Dawa inapovunja kromosomu bila kuua, bakteria hupiga kengele ya dharura, na mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba kengele hiyohiyo huamsha kimeng'enya cha lile ghala la namba 2. Kidonge nusu dozi, basi, ni mwaliko wa kupanga vipande upya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Birere, Majengo au Mugunga, tumbo likiharisha maji usianze na vidonge viwili vya sipro vilivyobaki kabatini. Kipindupindu huua kwa ukavu, na maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yakianza mapema na kuendelea, pamoja na sindano ya maji kwa aliyelegea sana, yanashusha vifo chini ya 1 katika 100. Anza kunywa hayo njiani kuelekea kituo cha afya. Antibiotiki, na ni ipi, mwachie daktari aamue. Na akikupa, imalize.